Kufundisha kuelea na kuzama: anza na kanieneo, Archimedes atafuata

Muulize mwanafunzi aliyekwisha kusoma mada hii kwa nini msumari huzama na meli huelea. Wengi watakujibu kwamba msumari ni mzito. Mkumbushe kwamba meli ni nzito kuliko misumari yote aliyowahi kuiona, naye atanyamaza kidogo, kisha atasema meli ina hewa ndani. Mwanafunzi huyohuyo ukimpa swali la kukokotoa, ataandika kanuni ya Archimedes (kani inayokiinua kitu majini ni sawa na uzito wa maji yaliyokipisha) bila kukosea na kupata alama zote.

Nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, nikiridhika na matokeo ya mtihani, mpaka mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, maji yanajuaje uzito wa maji yaliyoondoka?" Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Swali lake ndilo lililonifanya niipange upya mada nzima, na huu ndio mpangilio ninaoufuata hadi leo.

Kiini chake ni hiki: kinachoinua kitu ndani ya maji ni tofauti ya kanieneo kati ya upande wake wa chini na wa juu. Uzito wa maji yaliyokipisha kitu ni kipimo cha kani hiyo, wala si chanzo chake. Mwanafunzi akianza na kipimo, atakariri. Akianza na chanzo, kanuni ataifikia mwenyewe.

Maneno kwanza

Kiswahili kinatusaidia hapa. Neno kanieneo (wengine husema shinikizo) limebeba maana yake waziwazi: kani juu ya eneo. Liandike ubaoni, likate katikati, na mwanafunzi hatasahau kugawanya.

Kwa ile kani inayosukuma kitu kwenda juu, mimi husema kani ya kuinua. Ukisema kani ya kuelea, mwanafunzi atadhani kitu kinachozama hakina kani hiyo, na kosa hilo litakusumbua muda wote wa mada. Jiwe lililozama nalo linainuliwa, ila kani hiyo haitoshi kulibeba.

Vifaa

Ndoo au beseni refu, chupa za plastiki, mfuko mwepesi wa plastiki usiotoboka, mpira wa tenisi ya mezani, udongo wa kuchezea, mshumaa, uzi, jiwe la kutosha kiganja, silinda ya kupimia, mizani ya springi ya niutoni 5, na mizani ya kidijitali inayosoma gramu. Ongeza bomba angavu lililo wazi pande zote mbili na kisahani chepesi cha plastiki ngumu cha kuliziba upande mmoja. Ukikosa vyote, usikose ndoo, mfuko, chupa na ule mpira.

Hatua ya 1: watabiri kwa maandishi

Panga mezani mshumaa mzima na kipande chake, sarafu, kipande cha mbao kilicho kizito kuliko sarafu, na bonge la udongo wa kuchezea. Kila mmoja aandike kitakachotokea na sababu yake kabla kitu chochote hakijagusa maji. Usipokee majibu ya mdomo, maana wawili watatu wanaojiamini hulibeba darasa zima.

Kisha tumbukiza kimoja kimoja. Mshumaa mzima unaelea na kipande chake kinaelea. Mbao nzito inabaki juu, sarafu nyepesi inakwenda chini. Bonge la udongo linazama. Ulitoe, ulifinyange liwe bakuli, nalo linaelea bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote. Usieleze. Kusanya karatasi, uziweke.

Hatua ya 2: kanieneo ndani ya maji

Kila mwanafunzi avae mfuko mkononi kama glavu, azamishe mkono kwenye ndoo bila kuruhusu maji yaingie mdomoni mwa mfuko. Mfuko unanata kwenye ngozi mpaka vidole vinaonekana kimoja kimoja, kiganjani na mgongoni mwa mkono. Waulize maji yanasukuma kuelekea wapi. Wengi huja wakiamini kwamba maji husukuma chini tu kwa kuwa yana uzito. Sasa wanahisi yakisukuma kutoka chini pia. Ndoo hii moja ina thamani kuliko nusu saa ya maelezo, kwa hiyo usiwaharakishe, wote wapate zamu.

Baada ya hapo ingia kwenye kina. Fikirieni nguzo ya maji yenye eneo la A na kimo cha h. Ujazo wake ni Ah, tungamo lake ρAh (ρ ni densiti ya maji, yaani tungamo la kila mita ya ujazo), uzito wake ρAhg (g ni kani ya mvuto kwa kila kilo). Gawanya kwa A, inabaki kanieneo, p = ρgh. Wape namba wazishike: kwa maji ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, kila mita moja ya kina huongeza takriban paskali 9,800 (paskali moja ni niutoni moja kwa mita ya mraba). Kwenye mita 10 ni 98,000, karibu sawa na kanieneo yote ya angahewa, ambayo ni paskali 101,325. Yaani mpiga mbizi aliye mita 10 chini ya maji amebebeshwa kama angahewa ya pili.

Tahadhari juu ya chupa yenye matundu matatu, ambayo walimu wengi tunaipenda. Michoro mingi huonyesha tundu la chini kabisa likirusha maji mbali kuliko yote. Jaribu kwa chupa iliyosimama mezani uone: maji ya tundu la katikati ndiyo yanayofika mbali zaidi juu ya meza. Maji ya tundu la chini hutoka kwa kasi kubwa kweli, lakini yanagusa meza mapema kwa kuwa yapo karibu nayo. Mwanafunzi makini akiona mchoro unapingana na meza, ataacha kuamini kimojawapo, na huenda kikawa fizikia. Waambie wachunguze maji yanavyochomoka pale pale kwenye tundu, wasitazame yanapoangukia. Au inua chupa juu sana, hapo tundu la chini litashinda.

Umbo la chombo lisikupotezee muda mwingi. Mwanahisabati Simon Stevin alikwisha kuonyesha mwaka 1586 kwamba kani ya maji kwenye sakafu ya chombo hutegemea kina na eneo la sakafu, wala si wingi wa maji yaliyomo. Mpira angavu wa maji unaotumiwa na waashi kutafuta usawa wa ukuta unatosha kulithibitisha: mikono yake miwili ipinde utakavyo, maji yatasimama usawa mmoja.

Jaribio ambalo ningependa kila darasa lilione ni la bomba na kisahani. Pitisha uzi katikati ya kisahani, ukivute kiibane ncha ya chini ya bomba, kisha zamisha bomba wima. Achia uzi. Kisahani hakianguki, maji yanakishikilia kutoka chini. Sasa mimina maji polepole ndani ya bomba, ukiwa umeyatia rangi ili yaonekane. Darasa huwa kimya hapa. Kisahani kinabaki, kinabaki, na usawa wa ndani unapokaribia kuwa sawa na wa nje, kinaachia. Mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba maji husukuma kwenda juu, na kwamba msukumo huo una kiwango kinacholingana na kina.

Hatua ya 3: chini kutoa juu

Chora mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uso wake wa juu ukiwa sentimita 20 chini ya maji. Chukua g kuwa 10 ili hesabu isiwafiche fizikia. Juu kuna paskali 2,000, chini kuna 3,000. Eneo la kila uso ni mita ya mraba 0.01. Kwa hiyo maji yanausukuma chini kwa niutoni 20 na juu kwa niutoni 30. Pande za ubavuni zinafutana. Kani ya kuinua ni niutoni 10.

Usiseme neno lolote kuhusu maji yaliyopisha. Waambie waurudie mchemraba huo kwenye kina cha mita 5. Watapata paskali 50,000 na 51,000, na jibu ni lile lile, niutoni 10. Wengi walitabiri kwamba kadiri unavyokwenda chini ndivyo unavyoinuliwa zaidi. Wenyewe wameiona hesabu ikikataa. Ndipo uulize: mchemraba huu umechukua nafasi ya lita ngapi za maji? Moja. Lita moja ya maji ina uzito gani? Niutoni 10. Nyamaza. Mmoja atalisema kabla yako.

Sasa toa ule mpira wa tenisi ya mezani. Kata chupa ya plastiki katikati, chukua nusu yenye shingo, ondoa kifuniko, uigeuze shingo ielekee chini. Dondosha mpira ukae juu ya tundu la shingo, uushikilie kidogo kwa kidole huku ukimimina maji, kisha uachie. Maji yatavuja kidogo pembeni, usijali, endelea kumimina. Mpira umejaa hewa, maji yameufunika, na haupandi. Waache waubishanie. Kisha ziba mdomo wa shingo kwa kiganja. Maji yanayovuja yanajaa chini ya mpira, na ghafla unachomoka juu.

Hakuna kilichobadilika kwenye mpira wala kwenye densiti yake. Mwanzoni chini yake palikuwa na hewa tu, hivyo maji yaliusukuma kutoka juu bila kuwapo maji ya kuusukuma kutoka chini. Kanuni ya Archimedes ina sharti ambalo mara nyingi tunalisahau ubaoni: maji lazima yakizunguke kitu hadi upande wake wa chini.

Limebaki swali la yule mwanafunzi wangu, maana si kila kitu ni mchemraba. Jiwe lina mabonde na vilima, nani atajumlisha kanieneo ya kila sehemu? Waambie wafikirie jiwe limeondolewa na nafasi yake, kwa umbo lile lile, imejazwa maji. Maji hayo yangetulia pale pale, hayapandi wala hayashuki. Basi maji yanayoyazunguka ni lazima yawe yanayabeba kwa kani iliyo sawa na uzito wake. Rudisha jiwe. Maji ya nje hayajui kilichomo ndani. Kina ni kile kile, umbo ni lile lile, kwa hiyo yanasukuma vile vile. Maji hayahitaji kujua chochote. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Hatua ya 4: pimeni

Ning'iniza jiwe kwenye mizani ya springi. Tuseme linasoma niutoni 3.0 hewani na 1.8 likiwa limezama lote bila kugusa chombo. Kani ya kuinua ni 1.2, ujazo wa jiwe ni sentimita za ujazo 120, na densiti yake ni gramu 300 kugawanya kwa 120, yaani 2.5 kwa sentimita ya ujazo. Hakikisha ujazo kwa silinda au kwa kopo lenye mdomo wa pembeni, ukipima maji yanayomwagika. Majibu yakitofautiana kidogo, wajadili matone yaliyobaki mdomoni mwa kopo badala ya kuyafuta.

Jaribio bora kuliko hilo ni la grafu. Chukua silinda ya alumini yenye eneo la mkato la sentimita za mraba 10 na urefu wa sentimita 8. Hewani itasoma karibu niutoni 2.16. Ishushe ndani ya maji sentimita moja moja, kila mara wasome mizani. Kila sentimita huondoa niutoni 0.1, mstari unateremka ulionyooka, na baada ya sentimita 8 unalala tambarare kwenye 1.36. Waulize kwa nini unateremka, kisha kwa nini umeacha kuteremka wakati kina kinazidi kuongezeka. Anayeijibu sehemu ya pili ameielewa mada.

Halafu weka chombo chenye maji juu ya mizani ya kidijitali, uisawazishe isome sifuri. Chovya kidole bila kugusa chombo. Namba zinapanda: gramu 5, 9, 12. Darasa litasema umekandamiza chombo, basi waje wajaribu wenyewe. Maji yanakiinua kidole, na kidole kinayasukuma maji chini kwa kani iyo hiyo. Ni sheria ya tatu ya Newton juu ya meza. Ikisoma 12, sehemu ya kidole iliyozama ina ujazo wa sentimita za ujazo 12. Rudia kwa lile jiwe likiwa bado limening'inia kwenye springi: springi inapungua niutoni 1.2 na mizani ya chini inaongezeka gramu 120. Kilichopotea juu kimeonekana chini. Legeza sasa uzi, jiwe likae sakafuni mwa chombo, mizani itasoma gramu 300 kamili.

Hatua ya 5: sasa densiti

Hapa tu ndipo ninaporuhusu kulinganisha densiti. Kitu kilichozamishwa chote kinavutwa chini na uzito wake na kusukumwa juu na uzito wa maji ya ujazo ule ule, kwa hiyo kilicho kizito kuliko maji ya ujazo wake kitazama. Kinachoelea kinapanda hadi sehemu iliyobaki majini ipishe maji yenye uzito sawa na kitu kizima. Barafu ina kilo 917 kwa mita ya ujazo, hivyo kwenye maji yasiyo na chumvi karibu asilimia 92 ya ujazo wake iko chini ya uso. Kwenye maji ya bahari yenye 1,025 ni kama asilimia 89.

Warudishie zile karatasi za hatua ya 1. Bonge la udongo lilipishwa na maji machache. Bakuli, kwa uzito ule ule, linapishwa na maji mengi zaidi kabla halijamezwa. Meli ya chuma ni bakuli hilo. Na wale waliosema "hewa ndani" wasahihishe kwa upole: hewa haibebi meli, ila umbo lenye uwazi linaiwezesha kuchukua nafasi kubwa majini bila kuongeza uzito mwingi.

Hadithi ya taji la mfalme, kwamba Archimedes aligundua fedha iliyochanganywa na dhahabu kwa kupima maji yaliyomwagika, isimulie ukipenda, lakini kwa wanafunzi wa juu ifanye kuwa hesabu. Tumeipata kwa Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliyeandika karibu miaka 200 baada ya Archimedes. Chukua taji la kilo moja. Likiwa dhahabu tupu lina sentimita za ujazo kama 52. Likichanganywa na fedha asilimia 30 ya uzito, linafika karibu 65. Kwenye chombo chenye kipenyo cha sentimita 20, tofauti ya kimo cha maji haifiki nusu milimita. Waulize kama wangeiona kwa macho. Galileo alilitilia shaka hilo mwaka 1586, akapendekeza kulipima taji majini kwa mizani, ambayo ndiyo njia mliyotumia kwenye hatua ya 4.

Maswali ya kuwapa wakatafakari

Bakuli linaelea kwenye beseni likiwa na lile jiwe la gramu 300. Ukilitoa jiwe na kulidondosha majini, usawa wa maji utapanda, utashuka au utabaki? Bandika utepe ukutani mwa beseni na ujaribu. Likiwa kwenye bakuli, jiwe linapishwa na sentimita za ujazo 300 za maji. Likiwa sakafuni, 120 tu. Kwenye beseni la sentimita za mraba 300, usawa unashuka milimita 6, na zinaonekana vizuri. Barafu ikiyeyuka kwenye glasi ya maji ya kawaida, usawa haubadiliki. Ikielea kwenye maji ya chumvi kisha ikayeyuka, unapanda kidogo. Usitoe majibu siku ile ile.

Wapo watakaouliza kama hewa nayo inainua. Inainua. Mtu wa lita 70 anapishwa na hewa ya gramu 84 hivi, na mizani ya mwili haizihesabu.

Kwa kipindi cha mwisho nina kifaa kimoja tu, mzamiaji wa chupa. Jaza maji chupa laini ya plastiki. Chukua kifuniko cha kalamu kisicho na tundu, ubandike udongo kidogo kwenye ncha yake hadi kielee wima, hewa ikiwa imenaswa ndani na kilele tu kikichungulia juu ya maji. Kitie chupani, funga, uibinye. Kinazama. Achia, kinapanda. Lipe kila kundi chupa yake na karatasi moja, na swali liwe: andikeni kila kinachotokea kuanzia kidole kinapobinya hadi kifuniko kinapoanza kushuka, hatua moja ikizaa nyingine. Kundi lililokariri litaandika kwamba densiti imeongezeka, basi. Kundi lililoelewa litaandika kwamba kanieneo imesambaa kwenye maji yote, maji yamepanda ndani ya kifuniko, kipovu cha hewa kimebanwa, maji yanayopisha yamepungua na kani ya kuinua imekuwa ndogo kuliko uzito; na huenda mmoja wao akainamisha kichwa karibu na chupa, abinye tena polepole, akakitazama kile kipovu kikijikunja.